Tandiko la Mchanga: Historia Fupi ya Istilahi za Chini ya Maji, Kutoka Nduwa za Kilimanjaro hadi Tangi la Matumbawe

Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi za kazi moja ndogo: kuondoa mchanga uliochakaa chini ya tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe na samaki, na kuweka mwingine mahali pake. Kazi hiyo hufanywa na wafugaji wa viumbe wa baharini katika nchi nyingi, na miongozo yake imeandikwa zaidi kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Anayetaka kuieleza kwa Kiswahili hukwama katika neno la kwanza. Kiingereza hulitaja tabaka lile la mchanga kwa neno lile lile la kitanda cha kulalia. Basi mfasiri mwenye haraka huandika "kitanda cha mchanga" na kuendelea na safari yake.

Tumeuchagua mji wa Moshi uwe kipimo chetu katika uchunguzi huu. Moshi uko bara, chini ya Mlima Kilimanjaro, na reli iliyotoka Tanga iliufikia mwaka 1911. Mkazi wake hana bahari mlangoni, na huenda hajapata kuona tumbawe lililo hai. Hata hivyo nyuma yake kuna historia ndefu ya kuongoza maji, kuyatuza, na kusafisha mahali yanapotuzwa. Istilahi itakayoeleweka kwake na kwa mvuvi wa Kilwa vile vile, hiyo ndiyo istilahi inayostahili kuitwa ya Kiswahili.

Hoja tunayoitetea ni kwamba Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno unaoifaa kazi hii, nao ni ukoo wa kitenzi tanda. Mfasiri aliyeandika "kitanda" amebisha hodi katika nyumba inayofaa, lakini aliyemwita siye. Ili jambo hili lieleweke, yafaa tutazame kwanza jinsi watu wa mlimani, wa pwani na wa Ulaya walivyoyatendea maji waliyoyahifadhi, na hasa kile kinachotua chini yake.

Mifongo na nduwa za Kilimanjaro

Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliuona mlima wenye theluji mwezi Mei mwaka 1848, akiwa njiani kwenda Kilema. Wageni waliomfuata, akiwamo Charles New aliyefika Moshi mwaka 1871, walistaajabia mifereji iliyochongwa ubavuni mwa mlima, ikipita juu ya mabonde na kando ya magenge. Wenyeji huiita mifereji hiyo mifongo. Fidelis Masao aliieleza historia yake katika makala aliyoyachapisha mwaka 1974 katika jarida la Tanzania Notes and Records, na wataalamu wengi wameiandikia tangu hapo.

Mfongo huanzia katika kijito kilicho juu, penye kizuizi kilichojengwa kwa mawe, udongo na majani. Kutoka hapo maji huongozwa kwa mteremko mdogo hadi kwenye vihamba, na wenye haki huyatumia kwa zamu. Maji ya usiku yasiyotumika huingizwa katika bwawa dogo la udongo liitwalo nduwa, ili yafunguliwe asubuhi yakiwa na nguvu. Katika milima ya Upare bwawa la namna hiyo huitwa ndiva. Ufanani wa maneno haya mawili si ajabu, kwa kuwa lugha zenyewe ni za Kibantu na wenyewe ni majirani.

Maji ya mlimani hayaji peke yake. Hubeba udongo na mchanga, na yanapotulia nduwani vitu hivyo hutua: chembe nzito kwanza, nyepesi baadaye. Miaka ikipita, nduwa hujaa na maji hukosa nafasi. Hapo watumiaji wa mfongo hutoka kwa pamoja kuzoa matope. Kila kaya hutoa mtu wake, na asiyefika hutozwa faini. Kazi hii haikuwa ya mtu mmoja wala ya siku yoyote aipendayo mtu, kwani nduwa ikiwa wazi hakuna mwenye maji.

Jambo moja la kiufundi yafaa tulishike hapa, kwa sababu litaturudia. Katika bwawa lolote la udongo, chembe laini zilizotua huziba vitundu vya ardhi, na ndizo zinazolifanya bwawa lisivuje. Mzoaji akichimba mpaka kuondoa kila kilicho laini, atapata bwawa safi lisiloshika maji. Basi chini ya maji pana vitu viwili vilivyopandana: uchafu unaopaswa kuondoka, na tabaka linalofanya kazi na linalopaswa kubaki. Fundi ni yule ajuaye mpaka kati ya viwili hivyo.

Mchanga unaotua katika mabwawa hayo ni wa volkano, nao huelekea kuwa mweusi. Mito ya mlima, kama Karanga, Rau na Weruweru, huuchukua hadi tambarare, na maji yake huishia katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960. Kutoka hapo Mto Pangani huyapeleka katika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mlima na mwambao si nchi mbili zisizojuana: maji yale yale yaliyopita katika kihamba hufika karibu na miamba ya matumbawe.

Birika na sakafu za pwani

Pwani nako watu walihifadhi maji, lakini kwa ufundi mwingine. Misikiti na nyumba za mawe zilikuwa na birika zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa lipu ya chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Chini ya birika palikuwa na sakafu, yaani uso mgumu uliopigwapigwa mpaka ukashikana na kuzuia maji.

Katika nyumba za zamani za Lamu tunakuta jambo linalohusu sana mada yetu. Ndani ya birika la nyumbani waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na katika sakafu ya birika lilijengewa bakuli la kaure. Maji yalipotolewa ili birika lisafishwe, yale machache yaliyobaki yalikusanyika ndani ya bakuli, na samaki wakaokoka humo hadi birika lilipojazwa tena. Waswahili wa Lamu, basi, walikwisha kulitatua tatizo ambalo kila mfugaji wa samaki hukutana nalo: namna ya kusafisha nyumba bila kuwaua wenyeji wake.

Kwa istilahi zetu, pwani inatufunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba sakafu ni kitu kigumu, kisichopenyeka, na cha kudumu. Wanajiografia husema "sakafu ya bahari", na hatuna ugomvi nao; lakini kuliita tabaka la mchanga ndani ya tangi "sakafu" ni kumficha msomaji tabia yake kubwa, yaani kwamba maji hupenya ndani yake na viumbe huishi humo. La pili ni utajiri wa majina ya vitu vya mwambani. Mvuvi hutofautisha mwamba, fungu na kipwa, na humjua pono, samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, ambaye hutafuna mwamba kwa meno yake. Chokaa anayoisaga pono hutoka tumboni mwake ikiwa mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa pwani zetu imetokana na kazi ya viumbe: pono, konokono na makombe yaliyovunjika, na mwani wenye chokaa.

Tofauti hii ya asili ina maana ya kikemia. Mchanga mweupe wa matumbawe ni kalsiamu kaboneti, nao huweza kuyeyuka kidogo kidogo na kuyarudishia maji chokaa ambayo viumbe huitumia kujenga. Mchanga mweusi wa mito ya Moshi haufanyi hivyo. Mwongozo unaosema "mchanga" tu, bila kuutaja aina, utamfanya msomaji wa Moshi achukue ule ulio karibu naye.

Tangi la kioo na jina lake

Huko Ulaya, Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyeishi Messina katika kisiwa cha Sisilia, alitengeneza matangi ya kioo mwaka 1832 ili awachunguze viumbe wa baharini wakiwa hai. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alieleza mbele ya wenzake jinsi alivyoweka pamoja samaki, mimea ya majini na konokono, chini kukiwa na mchanga na matope, na maji yakabaki mazuri kwa muda mrefu. Mwaka 1853 Bustani ya Wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilichoueneza ufugaji huu kwa umma.

Gosse ndiye aliyelipigania jina "aquarium", na historia ya jina hilo inafaa isomwe na kila mwanaistilahi. Bustani ya London ilikuwa imetumia jina refu lenye maana ya mahali pa viumbe hai wa majini. Gosse alitaka neno fupi linalotamkika kwa urahisi, akachukua la Kilatini. Lakini kwa Warumi neno hilo lilikuwa na maana ya mahali pa kunyweshea ng'ombe. Kumbe jina linaloonekana leo kuwa la kisayansi mno lilichukuliwa kutoka zizini, likapewa kazi mpya, na watu wakalizoea. Asidharau mtu, basi, maneno ya shambani na ya nyumbani. Nasi tunalo hodhi, ambalo hutajia chombo cha maji ya mifugo na mengineyo, na tunalo tangi. Katika makala haya tumetumia "tangi", kwa kuwa ndilo lililo midomoni mwa watu.

Gosse huyo huyo alitoa mwaka 1854 kanuni ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi, ili mkazi wa mji ulio mbali na pwani asilazimike kuletewa maji kwa mapipa. Ni kanuni ya namna hiyo inayomwezesha mtu wa Moshi, au wa mji wowote wa bara, kuwa na tangi la bahari nyumbani.

Wafugaji wa kwanza waliamini kwamba mimea na wanyama wakilingana maji yatajisafisha. Kile kilichotendeka mchangani hakikujulikana hadi mwaka 1877, wakati Théophile Schloesing na Achille Müntz walipopitisha maji machafu polepole katika bomba lililojazwa mchanga na chokaa. Baada ya siku kama 20 amonia ilitoweka, na nitrati ikatokea mahali pake. Walipotia mvuke wa klorofomu kazi ilisimama. Walipotia maji yaliyochanganywa na udongo wenye uhai, ikaanza tena. Hapo ilithibitika kwamba kilichokuwa kikifanya kazi ni viumbe wadogo wanaoishi juu ya punje za mchanga. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky alifanikiwa kuwatenga bakteria hao.

Elimu hiyo ilichukua muda kuingia katika ufugaji. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia aliwaeleza wafugaji njia yake ya kutumia mawe yenye uhai kutoka baharini, pamoja na mapovu ya hewa tu. Katika miaka ya 1980 Jean Jaubert alionyesha huko Monaco kwamba mchanga mnene uliowekwa juu ya nafasi ya maji yaliyotulia waweza kulitunza tangi la matumbawe kwa miaka. Tangu hapo, mchanga uliokuwa pambo la kupendeza macho ulitambuliwa kuwa kiungo cha tangi, kama ini lilivyo kiungo cha mwili.

Kazi yenyewe, na hatari ya neno baya

Tuieleze sasa kazi yenyewe. Katika sentimita chache za juu, mchanga una oksijeni. Bakteria wa hapo huigeuza amonia itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, kisha nitrati. Chini zaidi, hasa mchanga unapofika sentimita 10 na kuendelea, oksijeni hupungua hadi kwisha, na bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayotoka majini. Miaka ikipita, mabaki hujaa kati ya punje, fosfeti hujilimbikiza, punje hushikana, na minyoo na konokono waliokuwa wakiutifua mchanga hupungua. Penye giza na pasipo oksijeni huweza kutokea tabaka jeusi lenye gesi ya sulfidi ya hidrojeni, ambayo hunuka kama yai viza na ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Hapo mfugaji huamua kuubadilisha mchanga.

Mfugaji mzoefu hutayarisha kwanza maji mapya yenye chumvi ya kadiri ya gramu 35 katika kila kilo ya maji, yakiwa na joto sawa na yale ya tangini. Akiwa na nafasi, huwahamisha samaki na mawe katika chombo kingine na kuyaacha mawe yakiwa yamefunikwa na maji. Huunyonya mchanga wa zamani kwa mpira badala ya kuuchota kwa koleo, ili uchafu utoke pamoja na maji na usitawanyike. Wengi huondoa sehemu moja tu, tuseme robo, kisha hungoja majuma kadhaa kabla ya kuendelea. Mchanga mpya huoshwa hadi maji yake yawe meupe. Viganja vichache vya mchanga wa zamani, vilivyochukuliwa juu palipo safi, hurudishwa ili bakteria na wadudu waenee katika mpya. Baada ya hapo amonia hupimwa mara kwa mara.

Hebu sasa tumpe msomaji wa Moshi maelezo haya yakiwa yamefasiriwa vibaya. Ameambiwa "badilisha kitanda cha mchanga". Kitanda ni kitu kimoja, chenye miguu. Hubadilishwa chote kwa mara moja, hutolewa nje, na kingine huingizwa. Msomaji mtiifu atatoa mchanga wote asubuhi na kuweka mwingine mchana. Jioni tangi litakuwa halina jeshi lake kubwa la bakteria, amonia itapanda, na katika maji ya bahari, ambayo si ya asidi, amonia huwa na sumu kali zaidi. Ameambiwa tena "safisha sakafu". Sakafu husuguliwa, naye atasugua. Katika hali zote mbili msomaji ametii neno, na neno limemponza. Viumbe waliokufa hawatamlaumu mfasiri, lakini sisi tunaoshughulika na istilahi tunapaswa kujilaumu kwa niaba yao.

Ukoo wa tanda

Tukiangalia ndani ya Kiswahili, tunakuta kitenzi tanda, yaani kuenea juu ya kitu, kama wingu litandavyo. Kutokana nacho tuna tandaza, kueneza, tandika, kuweka kitu kilichoenea juu ya kingine kwa mpango, tandua, kukiondoa, tandiko, kitu kilichotandikwa, utando, ngozi nyembamba inayofunika, kama ile ya juu ya maziwa, na kitanda chenyewe. Ukoo huu si wa jana. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na ambayo kamusi yake ilitolewa mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson, ilikuwa imekwisha kuyakuta maneno haya yakitumika.

Faida ya kwanza ya ukoo huu ni kwamba unatupa jina pamoja na kitenzi chake, na kitenzi pamoja na kinyume chake. Sarufi yetu ina kauli ya kutendua: ziba na zibua, kunja na kunjua, pakia na pakua. Vivyo hivyo tandika na tandua. Tukiliita tabaka la mchanga "tandiko la mchanga", kazi za kuliweka na kuliondoa zinajieleza zenyewe, na mwalimu hahitaji kuunda vitenzi vingine.

Faida ya pili ni kwamba tandiko halina umbo lake peke yake. Huweza kuwa nene au jembamba, moja au matandiko yaliyopandana, na huweza kutanduliwa upande mmoja huku upande wa pili ukibaki. Kwa kuondoa sehemu sehemu, tunapendekeza kitenzi mega: mtu humega tandiko kama amegavyo ugali, na kilichobaki hubaki kizima. Maagizo "mega robo ya tandiko, kisha ngoja" hayamruhusu msomaji kudhani kwamba kazi ni ya siku moja.

Faida ya tatu ni utando. Bakteria wanaoizunguka kila punje hukaa katika ngozi nyembamba yenye utelezi, na "utando wa bakteria" ni jina lisilohitaji maelezo. Ni kweli kwamba wanabiolojia hutumia utando kwa ngozi ya seli pia; lakini kivumishi kinachofuata kitawatenganisha.

Kwa ule mchanga wa zamani unaorudishwa, wako wanaopenda "mchanga mbegu". Sisi twaona chachu inafaa zaidi. Mbegu hupandwa ikawa mmea mwingine. Chachu hutolewa katika kinyunga cha jana ili ikiumue cha leo, na asili yake inaendelea. Jaribio la Schloesing na Müntz lilikuwa hasa la kurudisha chachu. Basi na tuseme "mchanga wa chachu".

Upo upinzani tunaoutarajia. Wapo watakaosema kwamba tandika humaanisha pia kuchapa. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba maneno mengi yana matumizi ya mitaani, na hayajatuzuia kutandika meza wala kitanda. Wapo pia watakaouliza kwa nini tusitosheke na "tabaka la mchanga". Tabaka ni neno zuri, nasi tumelitumia humu; lakini hutaja ngazi iliyo ndani ya kitu. Na tuseme kwamba tandiko lina tabaka: tabaka la juu lenye oksijeni, na tabaka la chini lisilo nayo. Tukilitumia neno moja kwa kizima na kwa sehemu zake, tutajifunga wenyewe.

Neno la mlimani

Kimebaki chombo ambamo viumbe na maji hukaa wakati kazi ikiendelea. Utaratibu unaojulikana wa uundaji wa istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, ndipo tuende ng'ambo. Kwa njia hiyo tulipata kitivo kutoka lugha za Upare na Usambara, lililotaja ardhi yenye rutuba na sasa hutaja sehemu ya chuo kikuu; na ngeli kutoka Kihaya. Hakuna mwanafunzi leo anayeona maneno hayo kuwa mageni.

Tunapendekeza nduwa ipewe nafasi kama hiyo. Kilimanjaro nduwa ni mahali ambapo maji huwekwa kwa muda, yakisubiri saa yake ya kutumika. Chombo cha akiba kando ya tangi hufanya kazi hiyo hiyo. Neno ni fupi, lafuata matamshi yetu, na linakuja na maarifa yake: aliyewahi kuzoa nduwa anajua kwamba kilichotua chini hakilingani chote, na kwamba kipo cha kuondolewa na kipo cha kuachwa.

Istilahi na sheria

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya burudani ya watu wachache. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, umeyaweka matumbawe magumu katika Kiambatisho cha Pili, yaani biashara yake huhitaji kibali. Lakini mkataba hutenganisha kwa vipimo. Vipande vya matumbawe yaliyokufa visivyozidi milimita 2 ni mchanga wa matumbawe. Vya kati ya milimita 2 na 30 ni kifusi. Na vyote viwili haviguswi na masharti yake. Jiwe lenye viumbe hai juu yake, linalosafirishwa likiwa na unyevu bila kuzamishwa majini, limo katika fungu jingine nalo huhitaji kibali. Zaidi ya hayo, kila nchi ina sheria zake juu ya fukwe na hifadhi, kama ilivyo Sheria ya Hifadhi za Bahari ya Tanzania ya mwaka 1994, nazo hazifutwi na mkataba.

Juu ya mji wa Moshi, huko Mweka, kipo chuo kilichoanzishwa mwaka 1963 kinachofundisha usimamizi wa wanyamapori. Na umbali mfupi kutoka mjini upo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971. Ofisa anayefungua sanduku la mizigo mahali popote nchini hana budi kuwa na majina matatu tofauti kwa vitu vitatu tofauti: mchanga wa matumbawe, kifusi cha matumbawe, na jiwe hai. Akiwa na neno moja tu, "mawe ya bahari", atamzuia asiye na kosa au atamwachilia mwenye kosa. Hapo istilahi inakuwa haki ya mtu.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya: tandiko la mchanga kwa mchanga wote uliowekwa chini ya tangi, tabaka kwa ngazi zilizo ndani yake, kutandika na kutandua kwa kuuweka na kuuondoa, kumega kwa kuuondoa sehemu kwa sehemu, utando wa bakteria kwa ngozi hai ya punje, mchanga wa chachu kwa ule unaorudishwa, nduwa kwa chombo cha akiba, na sakafu libaki kwa wajenzi, kitanda kwa wanaolala.

Hakuna hata moja kati ya maneno haya tuliloliunda. Yote yalikuwapo, mengine mwambaoni na mengine mlimani, yakifanya kazi za watu wake. Wasomaji walio karibu na bahari, na wale walioko vihambani, wanaombwa watuletee maneno mengine ya chini ya maji yanayotumika kwao, pamoja na maelezo ya kazi inayofanywa kwayo, ili orodha hii ikamilike kabla haijapelekwa kusanifiwa.